Maji Yanayokataa Sabuni

Shemeji aliponiambia nimchagulie mashine ya kulainisha maji, nilicheka kwa adabu, nikaomba udhuru, nikaenda chooni. Nilikaa humo nimeshika ukuta. Niliporudi mezani alikuwa bado anaongea.

"Wewe ndiyo fundi wetu wa maji," alisema. "Dada yako ameniambia. Kipindi kile sabuni haionekani, wewe ndiye ulikuwaga unayafanya maji ya Bunda yatoe povu."

Dada yangu, mwenye mimba ya miezi minane, alitikisa kichwa kwa fahari. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa na miaka minane, alilala kifudifudi sakafuni akichora lori. Nilimtazama mdomo. Kila nikimwona namtazama mdomo kwanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nitasema hapa kwa nini. Mtoto huyo aliungua mdomo akiwa na siku tisa, na maji yaliyomuunguza niliyatengeneza mimi. Lawama ikamwangukia bibi yetu wa Butiama, mama yake mama. Tangu siku ile bibi hakuruhusiwa tena kumwogesha mtoto mchanga wa nyumba yetu, kazi ambayo kwetu ni yake na wala haombi. Mimi nilijua, nikanyamaza. Na sasa mtoto wa tatu alikuwa anakuja, nyumba mpya ina kisima kirefu chenye maji yale yale, na mchaguzi ni mimi tena.

Kwa hiyo mashine haikuwa kitu cha kuniogopesha. Niliogopa swali lililokuwa nyuma yake: nani atamwogesha mtoto, na nitaendelea kunyamaza mpaka lini.

Sisi ni watu wa ziwani. Nilizaliwa Kiriba, ambako kipande cha sabuni kidogo kama ukucha kilitosha kufua shati la baba. Baba alipohamishiwa Bunda kwenye kazi ya pamba, nikiwa na miaka kumi na miwili, tulikuta maji ya kisima yanayopendeza macho: maangavu, baridi, hayana harufu. Ukiyatia sabuni, povu halitoki. Unatoka utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo kama maziwa yaliyokatika. Wenyeji walisema maji haya yanakataa sabuni. Birika letu la chai liliota ukoko mweupe ndani, na mama alipojaribu kuubandua kwa kisu, ukakwaruza kisu.

Ilikuwa miaka ya shida. Mche wa sabuni uligawiwa kwa orodha, kaya kwa kaya, na ukikosa siku ya orodha umekosa mwezi. Kuiangalia sabuni ikigeuka utando kuliniuma mimi kuliko mtu yeyote nyumbani. Ndivyo nilivyo. Sahani ikikaa kombo rafuni silali. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuwa na kitabu kimoja tu, cha maarifa ya nyumbani, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Nilikisoma mpaka nikaweza kusema kurasa zake nikiwa nimefumba macho. Mbili zilihusu maji magumu. Kitabu kilisema yachemshe, au yatie magadi, au kinga maji ya mvua.

Kuchemsha kulimaliza kuni na ugumu ukabaki nusu. Mvua ilikuwa mbali, na nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na paa la nyasi. Maji ya paa hilo yalitoka na rangi ya chai. Nikabaki na magadi, yale yale ya kulainishia maharage, yanayouzwa sokoni kwa fungu. Nilitia magadi kwenye debe la maji, yakageuka meupe kama uji, nikayaacha mpaka ule weupe ukazama chini, kisha nikachota ya juu. Sabuni ikatoa povu. Mama alipiga kigelegele peke yake uani, mikono ikiwa ndani ya beseni. Sijawahi kusifiwa vile tena.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilitaka kipimo kisichokosea. Nilichukua chupa, nikatia maji, nikadondosha maji ya sabuni tone kwa tone huku nikitikisa, nikiandika daftarini ni tone la ngapi povu linasimama. Nikapunguza magadi, nikaongeza, nikaandika upya. Mwisho nikabuni njia yangu: kuyayeyusha magadi mengi kwenye maji machache, yawe makali, na kila debe la kufulia nalitia kata moja tu kutoka humo. Yale makali niliyaita maji mama. Yalikuwa maangavu kabisa. Ukiyatazama ungesema ni ya kunywa.

Dada alikuja nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, kama inavyopasa, na nepi zikawa kazi yangu. Niliogopa nepi zile. Nikiacha utando mmoja ndani yake, ngozi ya mtoto itatoka vipele, na kosa litakuwa langu. Nikaongeza maji mama. Chombo cha kuyawekea kilikuwa tatizo, maana ndoo ya plastiki haikuonekana dukani mwaka mzima, na ya bati tuliyokuwa nayo ilivuja. Mtungi wa mlangoni kuku waliunywea. Nikayahamishia kwenye mtungi wa pembeni.

Kwetu mtungi wa pembeni, ule unaofunikwa kwa sinia na kuwekewa kata juu, una maji ya kunywa, ya mgeni. Hakuna anayeuliza. Nilijua hilo. Nilihamishia maji ya kunywa jikoni, nikawaambia wote, na ili nisikosee nikakata karatasi ya daftari, nikaandika MAJI YA KUFULIA kwa herufi nilizozipiga kwa rula, nikaibandika mtungini kwa uji wa muhogo. Niliirudia mara tatu, maana herufi ya F ilinipinda. Nilisimama nikaitazama nikaridhika.

Kesho yake bibi aliingia kutoka Butiama, na kuku wawili na ugoro wake. Bibi hajui kusoma.

Siku ya kwanza na ya pili alimwogeshea mtoto uani, kwa maji niliyomletea mwenyewe. Siku ya tatu, mchana, mtoto alishikwa na kwikwi. Dada alikuwa amelala, mama yuko shambani, mimi naanika. Bibi alifunua sinia, akachota, akapasha moto kidogo kwenye kikombe, na akafanya anavyofanya kila mwogeshaji: akaonja kwanza yeye. Lakini chini ya mdomo wake kulikuwa na ugoro, na ugoro husagwa pamoja na magadi. Kinywa chake kilikuwa kimeishi na magadi miaka arobaini. Hakusikia kitu. Akampa mtoto kijiko, na cha pili.

Kilio kile sitakieleza. Nilikisikia nikiwa na nepi mkononi, na kabla sijaingia ndani nilishajua, kwa sababu niliuona mtungi kupitia mlangoni, sinia likiwa chini.

Hospitalini muuguzi alimfungua mtoto mdomo, ulimi mwekundu, akatunusa mmoja mmoja. Akafika kwa bibi, akamshika vidole.

"Mama, hivi vidole vyako vina nini?"

"Ugoro."

"Na ndivyo ulivyomshika navyo mdomoni?"

Bibi alitutazama. Nadhani alinitazama mimi zaidi, lakini huenda ni hofu yangu ndiyo inayokumbuka hivyo. "Nilimpangusa," alisema.

Ikawa imekwisha. Mtoto alilazwa siku mbili, akashika ziwa, akapona. Mimi nilikimbia nyumbani mbele ya wote, nikamwaga ule mtungi nyuma ya choo, nikabandua karatasi, nikaitafuna na kuimeza. Naam, niliimeza. Dada alimwambia bibi, mbele yangu, "Bibi, mtoto wangu hutamshika tena." Bibi akafunga kanga yake, akarudi Butiama na fimbo yake, na wale kuku wawili tukabaki nao.

Sasa rudi mezani kwa shemeji. Miaka ilikuwa imebadilika. Mipaka ilikuwa imelegezwa, na maduka ya Bunda yalijaa sabuni za kila rangi, zenye harufu ya maua ambayo hakuna anayeyajua. Lakini maji yalikuwa yale yale. Yalikataa na sabuni ya nje. Shemeji alikuwa amechoka kubadilisha birika na mabomba yanayozibwa na ukoko, na alitaka mtoto wake azaliwe kwenye nyumba yenye maji laini. Akanituma Musoma kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya maji.

Nilikwenda na maswali thelathini na moja daftarini. Mfanyabiashara alikuwa mzee wa kofia ya kufuma, mpole, duka lake limejaa mabomba yaliyopangwa kama mabua. Mashine ilikuwa mtungi mrefu wa buluu. Alinifungulia, akanimiminia kiganjani punje ndogo za rangi ya asali, ndogo kuliko ulezi.

"Hizi ndizo zinashika ugumu," alisema. "Zikishiba unazipa maji ya chumvi, zinautapika, zinaanza upya."

"Zinashiba baada ya muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nilipofika swali la kumi na tisa alivua miwani. "Binti yangu, unataka kuinunua au unataka kuiposa?"

Vijana wa dukani walicheka. Mimi sikuweza. "Hiyo chumvi, inabaki kwenye maji?"

"Kidogo. Huisikii."

"Na mtoto wa siku tisa?"

Hapo mzee aliacha utani. "Mtoto mchanga usimpe. Hata mimi wajukuu zangu siwapi. Kuoga sawa, kufua sawa. Ya kunywa, mwekeeni bomba lake lisilopita humu."

"Na mtu akikosea bomba?"

"Mtaandika," alisema. "Mnaandika tu pale juu: hili la kufulia, hili la kunywa."

Punje zilinimwagikia. Nilipiga magoti kuziokota moja moja sakafuni, na nilipomaliza nikaendelea kupapasa mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa sababu sikutaka anione sura. Mzee aliniletea maji ya kunywa. Kisha, labda kwa kunihurumia, alinijazia chupa ya soda maji yaliyopita kwenye mashine yake mwenyewe, aliyoifunga nyumbani nyuma ya duka. "Wakayaonje wenyewe," alisema.

Gari la kurudi Bunda lilipofika njia panda ya Butiama, nilisikia sauti yangu ikisema, "Shusha." Sikuwa nimepanga. Nilisimama kando ya barabara na ile chupa, nikitamani gari lirudi.

Nilipofika kwake, bibi alikuwa nje anamenya mihogo. "Mke mwenzangu!" alipiga kelele aliponiona, maana ndivyo alivyokuwa akiniita tangu utotoni, eti namgombania babu aliyekwisha kufa. "Umekonda! Kule Bunda wanakulisha maneno?"

Niliketi. Sikujua pa kuanzia, nikampa chupa. "Onja, bibi. Ni maji ya mashine."

Alionja, akageuka akatema. "Yana chumvi."

"Mwenye nayo anasema haisikiki."

"Haisikiki kwake. Mimi tangu niache ugoro nasikia mpaka ladha ya sufuria."

Sikujua kama ameacha. Kwa miaka yote ile, kila nilipomtembelea, sikumtazama usoni kiasi cha kujua. "Uliacha lini?"

"Unauliza nini? Si walisema nilimchoma mtoto? Ningeendelea kuuweka mdomoni kwa uso gani?"

Hapo nikasema. Nilisema kwa haraka na kwa mpangilio mbaya: karatasi kwanza, halafu magadi, halafu mtungi wa pembeni, halafu nikarudi kwenye karatasi. Kisu chake kilisimama katikati ya muhogo.

"Uliandika," alisema baadaye.

"Niliandika."

"Na mimi nilijua kusoma lini?"

Alimaliza kumenya muhogo ule, akaweka kisu chini. Kisha akaniambia niingie jikoni, magadi ya maharage yapo kwenye kopo, niyatengeneze maji kama yale ya siku ile. Kipimo sikuwa nimekisahau. Kipimo kile sitakisahau mpaka nife. Nilimletea kwenye kikombe. Alichovya ncha ya ulimi, uso wote ukamkunjana, akatema mara tatu na kusukutua.

"Haya ningeyatema," alisema. "Hata mbuzi angeyatema. Siku ile nilionja, sikusikia kitu. Nimekaa miaka nikijiuliza, vidole vinawezaje kumchoma mtoto namna ile?"

Nilidhani amenisamehe, nikaanza kulia kwa nafuu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ulimi ni wangu, sikatai. Lakini kunyamaza? Hapana, we mtoto. Hiyo sikusaidii kuibeba. Simama. Tunaenda Bunda, ukamwambie dada yako mimi nikisikia."

Hakuniita mke mwenza. Njia nzima hakuniita kitu.

Tulifika jua likiwa bado juu. Shemeji alikuwa barazani. "Fundi! Umepata?" akauliza, kisha akamwona bibi nyuma yangu, akasimama. Dada alitoka ndani akijishika kiuno. Nilikuwa nimeandaa sentensi garini, nzuri, fupi, na zote zilipotea. Nilisema tu, "Dada, haukuwa ugoro. Yalikuwa maji yangu ya nepi. Niliyaweka mtungi wa pembeni. Nilijua siku ile ile."

Dada hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimwita mwanawe, akamwambia afungue mdomo, akamtazama ulimi kwa muda, kama vile alama ingekuwa imejitokeza leo. Mtoto akacheka. Kisha dada akasema, bila kunitazama, "Mtoto wa pili nilimpa jirani amwogeshe. Bibi alikuja na kuku. Nikampokea kuku, yeye nikamwacha barazani."

Bibi alisema, "Yule jogoo alikuwa mzuri."

Dada akaanza kulia, na alipotaka kupiga magoti tumbo likamzuia, bibi akamshika mabega wakabaki hivyo wamesimama, vibaya vibaya, wamepishana. Mimi niliambiwa nitoke. Nilitoka.

Zilipita siku nne dada hajasema nami neno. Shemeji alinifuata nilikokuwa naosha vyombo. Ni mtu wa kutopenda ugomvi. "Sasa shemeji," alisema, "haya ya kwenu yaishe polepole. Lakini mashine ninunue au nisinunue? Maana fundi niliyekuwa namtegemea ndiyo huyo."

Bibi alijibu kutoka barazani kabla yangu. "Mna bati lote hilo juu ya kichwa, mnaenda kununua maji laini Musoma?"

Kitabu changu kilikuwa na jibu hilo tangu nina miaka kumi na sita, kwenye kurasa zile mbili: kinga maji ya mvua. Zamani tulikuwa na nyasi. Sasa tulikuwa na bati, na mvua zilikuwa zinaanza. Shemeji alimwita fundi akafunga mfereji wa bati chini ya paa na tangi pembeni. Mimi nilisimamia mpaka fundi akaomba niondoke. Niliogopa vumbi, nikaagiza mvua ya kwanza yote imwagwe. Niliogopa kinyesi cha ndege, nikafunga kitambaa mdomoni mwa tangi, nikakifua kila siku. Niliogopa kutu. Ya kisima yakabaki kwa kudeki na kumwagilia bustani, na kwenye bomba lake sikuandika chochote. Niliing'oa koki ya ndani, ikabaki ya nje tu, mahali ambapo hakuna anayekwenda na kikombe.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Bibi alikuja tena kutoka Butiama na kanga mpya. Asubuhi ya kwanza nilichota maji ya tangi, nikayachemsha, nikayapoza, nikayaweka mlangoni mwa chumba, sikuthubutu kuvuka kizingiti. Dada alikuwa kitandani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki tatu.

"Anywe kwanza yeye," alimwambia bibi. "Kikombe kizima. Hapa, nikimwona."

Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya bati kidogo, na ya moshi. Hofu ilinifanya nihisi magadi ambayo hayakuwepo. Nikaendelea mpaka kikombe kikaisha. Bibi naye akaonja, akangoja, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akakunja miguu, akamlaza mtoto juu yake, na kipande kidogo cha sabuni kikatoa povu jeupe mpaka kwenye viwiko vyake.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nanywa, dada ananitazama, bibi anaonja, mtoto anaoga. Sikulalamika, maana nilikuwa nastahili, na pia, nikisema kweli, kilikuwa kikombe pekee kwa siku nzima kilichonituliza. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, dada hakuagiza ninywe asubuhi ile. Alikuwa anamnyonyesha, amegeukia ukutani. Niliweka sufuria mlangoni, nikabaki nimesimama na kikombe, sijui kama nimeachiwa au nimesahauliwa.

Bibi alikunja mikono ya gauni lake. Aliinua macho akaniona.

"Mke mwenza," alisema, "kunywa basi, maji yanapoa."

Nikanywa.